Chanzo Kinahitajika

Kazi yangu ni kuandika wanayosema wengine.
Mahakama ya Viljandi, chumba cha pili, dirisha linavujisha baridi.
Wakili akikohoa, naweka nukta tatu.
Shahidi akilia, naandika: kimya.
Miaka kumi na tisa sijatia neno langu.

Jumanne ile kesi ilikuwa ya paa.
Banda la Helve Rummo liliporomoka Februari
likamlalia ng'ombe wake, Mustik, mwenye mimba.
Bima hulipa uzito wa theluji.
Uzito wa barafu hailipi.
Na kilichokuwa juu ya mabati usiku huo
kilianza kikiwa hiki, kikanyeshewa, kikaganda,
kulipopambazuka kilikuwa kile.

Wakili wa bima, Rein Sooväli, akasimama na karatasi moja
aliyoichapa asubuhi, wino bado unanuka.
"Mheshimiwa, tusichoshane. Kamusi elezo ya mtandaoni inasema:
Theluji iliyolowa ikaganda upya si theluji tena;
imekwisha kusahau ilivyoanguka."

Vidole vyangu vikasita.

Sentensi ile naijua. Naijua ilivyozaliwa:
saa nane usiku, jikoni, miaka sita nyuma,
mama chumba cha pembeni anapumua kwa mashine,
nami sina usingizi wala wa kuongea naye.
Nikafungua ukurasa wa theluji, nikaongeza mstari.
Maneno yalikuwa yake; aliyasema kila Machi
akichimbua ngazi za mlangoni kwa koleo.
Sikutia jina. Pale huulizwi jina.

Kesho yake mtu akaubandika: chanzo kinahitajika.
Haki yake. Ningejibu nini?
Kwamba chanzo kiko kitandani, hakimtambui mwanawe?
Kibandiko kikakaa miaka miwili kama deni la dukani.
Kisha gazeti moja la Tallinn, likitafuta cha kupambia
habari za hali ya hewa, likauokota mstari wangu,
na mtu mwingine, mwenye bidii zake,
akabandua kibandiko, akaliweka gazeti kuwa chanzo.
Lisemwalo lipo, tunaambiwa.
Hili halikuwapo. Lilitoka likatembea,
likarudi nyumbani limevaa koti, likaamkiwa.

Triin Aasmäe, wakili wa Helve, bado kijana,
viatu vyake vina chumvi ya barabarani:
"Aliyeandika ni nani? Aletwe. Aapishwe.
Ni mwanafizikia? Fundi wa kuezeka? Au mlevi?"
Nikaandika: Au mlevi?
Alama ya kuuliza nikaiweka pahali pake.

Sooväli akasema watu elfu wameusoma, hakuna aliyepinga.
Triin akasema watu elfu wakilikwepa shimo,
shimo halijafukiwa.

Jaji Maimu Kärner akavua miwani.
Hata yeye huifungua, alisema, karibu kila siku,
kujua mto fulani unaanzia wapi, mfalme fulani alikufa lini.
"Lakini leo tunabishania neno moja,
na neno hilo ndilo litakalomlipa mama huyu au kumnyima.
Kwenye mizani ya dhahabu siweki jiwe la kuokota."
Akamgeukia Helve. "Wewe ulikuwapo. Nini kilianguka?"
Helve akafikiri sana, mikono mapajani.
"Paa," akasema.

Nikaandika: Paa.
Sikusimama. Sikuinua mkono.
Karatasi ya Sooväli ikarudishwa kwenye mkoba,
na mama yangu akatoka mahakamani
bila mtu kujua kwamba aliingia.

Usiku nikaufungua ukurasa, nikaufuta mstari.
Haikupita dakika, ukarudi,
na chini yake ujumbe, wa mtu au wa mashine, sijui:
Umeondoa maelezo yenye chanzo. Tafadhali usirudie.

Nikazima taa.
Nje kilikuwa kimeanza kuanguka tena,
bado chepesi, bado kinakumbuka.